Amevuka Mto Gani?

Mwaka 2003 nilikuwa upande wa vita. Nalisema hili mapema, kwa sababu siku hizi ukikutana na watu wa rika langu, kila mmoja anakwambia yeye tangu mwanzo alijua kule Iraki hakuna kitu. Mimi sikujua. Nilisadiki kwamba Saddam Hussein ana silaha za maangamizi, kwamba yeye na Osama bin Laden wanakula sahani moja, na kwamba asipowahiwa atatuwahi. Atatuwahi sisi, yaani na mimi wa Magomeni nikiwemo.

Hakuna aliyeniomba maoni. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili pale Mlimani, sipigi kura Marekani wala Uingereza, na neno langu halikuwa na uzito popote isipokuwa kwenye kibaraza cha kahawa karibu na nyumbani kwa mjomba. Pale nililitetea kama wakili aliyekwisha kulipwa. Jioni, muuza kahawa akishatua birika lake la makaa na sinia la kashata pembeni, redio inafunguliwa: Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha Sauti ya Ujerumani, kisha sisi wenyewe. Wazee karibu wote walivipinga vita vile, tena kwa sababu ambazo mimi niliziona za kizee: Mmarekani anataka mafuta, Bush anamlipia babake kisasi, Waislamu wanaonewa. Mimi nilikuwa na magazeti. Nilikuwa na Kiingereza pia, na katika umri ule mtu huona Kiingereza ni ushahidi tosha.

Mjomba hakuwa msemaji. Alikaa mwisho wa benchi, mguu mmoja ameunyoosha, kikombe kimoja anakinywa kwa nusu saa. Tulijua aliwahi kuwa jeshini, kwamba alikwenda vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na akafika Kampala, basi. Habari za kule hakuzisimulia hata akichokozwa. Jioni moja ya Februari, nikiwa katikati ya hotuba yangu, akaniuliza:

"Mpwa wangu, Amin sisi tulimwona amevuka mto. Huyu wenu amevuka mto gani?"

Watu wakacheka. Nikajibu kwamba dunia ya leo haina mito, kwamba kombora halingoji daraja, kwamba tukisubiri kuona ndiyo tumekwisha. Jibu lilinoga, hata muuza kahawa akaitikia. Miaka mingi baadaye, nikisoma hotuba za wakati ule moja moja, nilikutana na jibu langu. Lilikuwa la Rais wa Marekani, neno kwa neno karibu, alilitoa Cincinnati tarehe 7 Oktoba 2002: hatuwezi kungoja ushahidi wa mwisho, maana ushahidi huo unaweza kuja katika sura ya wingu la uyoga. Nilikuwa nimelishwa maneno, nikayatapika kibarazani nikidhani ni fikra zangu.

Lakini hofu yenyewe haikuwa ya kuazima. Hilo lazima niliseme pia, kwa sababu watu wakizungumzia namna serikali zinavyowatisha raia wao, huzungumza kana kwamba raia ni mbumbumbu. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa darasani, shule moja ya Kinondoni. Saa nne ilikuwa imeshapita nusu. Kikasikika kishindo, madirisha yakalia, mwalimu wa Jiografia akasema mtungi wa gesi utakuwa umepasuka mahali, tuendelee. Tukaendelea na mvua za tropiki. Mchana ndipo tulipojua kwamba lori lenye bomu limelipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani, si mbali na sisi, na kwamba Nairobi nako, karibu saa ile ile. Kwetu walikufa watu 11, na wangekuwa wengi zaidi kama boza la maji lililokuwa getini lisingelizuia lori lile. Nairobi walikufa zaidi ya 200. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, sikukuu, mama akatukataza kutoka. Kwa miezi kadhaa kila nilipokuta boza limeegeshwa nilivuka barabara nikapita upande wa pili, ingawa boza ndilo lililowaokoa watu. Hofu haina hesabu nzuri.

Halafu tarehe 28 Novemba 2002, katikati kabisa ya mjadala wa Iraki, ikalipuliwa hoteli Kikambala, juu kidogo ya Mombasa, na siku hiyo hiyo makombora yakarushwa, yakaikosa ndege ya Israeli iliyokuwa inapaa. Wengi waliokufa hotelini walikuwa Wakenya. Kwa hiyo mtu aliponiambia kuna watu wanataka kutuua, hakuwa ananieleza jambo geni. Nilikuwa nalijua kwa masikio yangu.

Ila waliotulipua sisi hawakuwa watu wa Saddam. Hapo ndipo penye kazi ya kitaalamu, na hiyo ndiyo nimeifuatilia miaka yote hii kama mtu anayefuatilia mwizi wa kuku wake mwenyewe. Anayekutisha ili umruhusu kupigana haanzii patupu. Anaanzia kwenye kidonda ulicho nacho tayari, kilichotiwa na mtu mwingine kabisa. Kisha anamhamisha adui: anamtoa alipo, mbali, jangwani, nyuma ya vikwazo na ndege za doria, anamleta mpaka chumbani kwako, anamlaza chini ya kitanda.

Tazama walivyofanya. Septemba 2002 mkuu wa watumishi wa Ikulu ya Marekani, Andrew Card, aliulizwa na gazeti la New York Times kwa nini kampeni ya Iraki inaanza baada ya likizo. Akasema kwamba kwa mtazamo wa soko, huwezi kutoa bidhaa mpya mwezi wa Agosti. Alilisema hadharani, bila aibu. (Makamu wa Rais, Dick Cheney, hakuwa na subira hiyo, tarehe 26 Agosti, mbele ya maveterani huko Nashville, alikwishatangaza kwamba hakuna shaka yoyote Saddam ana silaha za maangamizi.) Jumapili ya tarehe 8 Septemba gazeti lile lile likatoka na habari ukurasa wa mbele: Iraki inatafuta mirija ya alumini, na maofisa wanaamini ni ya kurutubisha madini ya urani kwa ajili ya bomu la nyuklia. Habari ilitoka kwa maofisa wa serikali wasiotajwa majina. Asubuhi hiyo hiyo Cheney akaketi kwenye kipindi cha televisheni akaitaja habari ya gazeti kama ushahidi.

Sisi uswahilini mchezo huu tunaujua. Unamnong'oneza jirani jambo usiku, kukicha unapita mtaani ukisema hata jirani analijua. Lakini pale Magomeni tunamjua mnong'onaji kwa sauti. Wasomaji wa gazeti hawakuwa na njia ya kumjua. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani yenyewe walikuwa wakisema mirija ile inafaa kwa roketi ndogo za kawaida za milimita 81, si kwa nyuklia. Sauti yao ikabaki kwenye majalada. Siku hiyo hiyo ya tarehe 8, Condoleezza Rice, mshauri wa usalama wa taifa, akasema kwenye televisheni nyingine kwamba hawataki ushahidi uje kuwa wingu la uyoga.

Nimelifikiria sana wingu hilo. Lina uzuri wa kutisha kama msemo, kwa sababu linageuza ukosefu wa ushahidi kuwa sababu ya kuogopa zaidi. Ukisema "nionyeshe", unaambiwa kuonyeshwa ndiko kufa kwenyewe. Anayeuliza anageuka mjinga anayehatarisha watoto wa wenzake. Mjomba aliuliza mto, mimi nikamwambia mito imekwisha. Ni msemo ule ule.

Waingereza wao walileta saa. Tarehe 24 Septemba 2002 serikali ya Tony Blair ilitoa waraka uliosema Iraki inaweza kuziweka tayari baadhi ya silaha zake za kemikali na kibayolojia ndani ya dakika 45 tangu amri itolewe. Kesho yake gazeti moja la London lenye wasomaji mamilioni likaandika ukurasani kwamba Waingereza wako dakika 45 tu kutoka maangamizini, likimaanisha walioko kwenye kambi zao Saiprasi. Baadaye ikajulikana kwamba taarifa ile ilitoka kwenye chanzo kimoja, tena ilihusu silaha za uwanja wa vita, mizinga na vitu vya namna hiyo, si makombora ya kuruka bahari. Wakati huo ni nani aliyesoma hadi huko? Dakika 45 ni kama muda wa kipindi kimoja darasani. Ni muda wa kuchemsha maharage yaliyolowekwa. Mtu anaweza kuushika mkononi.

Na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba vitu vyote vilivyotumika vilikuwa vya nyumbani. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell aliinua kichupa mbele ya Baraza la Usalama, akasema kiasi kisichofika kijiko cha chai cha kimeta kikavu ndicho kilichofunga Seneti ya Marekani mwaka 2001. Kijiko cha chai. Barua zile za kimeta ziliua watu watano, hilo ni kweli, na Wamarekani walikuwa bado wanafungua bahasha kwa hofu. FBI baadaye ilihitimisha kwamba zilitumwa na mwanasayansi wa maabara ya jeshi lao wenyewe. Lakini kichupa kilipoinuliwa, mawazo ya kila mtu yalikwenda Baghdad. Siku mbili baadaye serikali ikapandisha kiwango cha tahadhari hadi rangi ya machungwa, na siku chache baada ya hapo raia wakashauriwa waweke akiba ya maji, karatasi za plastiki na tepu nene ya kuzibia madirisha. Tepu ikaisha madukani.

Nilimwona mama mmoja kwenye televisheni ya jirani, toroli limejaa tepu, ana mtoto mgongoni mwa toroli hilo. Nilimhurumia, na huruma ile ikanipeleka vitani kuliko hoja yoyote. Sasa najiuliza: adui ambaye sumu yake inazuilika kwa tepu ya kufungia maboksi, ni adui wa kutumiwa majeshi ya mataifa? Hakuna aliyeuliza, hata mimi sikuuliza. Mtu anayekata plastiki ya dirisha lake hana muda wa maswali. Ameshaingizwa jeshini, tena kwa mikono yake, sebuleni kwake.

Kuhusu kuwaunganisha Saddam na walioshambulia New York, sijapata hotuba ambamo Rais Bush alitamka waziwazi kwamba Saddam ndiye aliyeshambulia. Hakuhitaji. Sentensi ya kwanza ilimtaja mmoja, ya pili ikamtaja mwingine, na msikilizaji akashona mwenyewe. Agosti 2003 kura ya maoni ya Washington Post ilikuta kwamba Wamarekani 69 katika kila 100 waliona yaelekea Saddam alihusika binafsi. Septemba 17 Bush mwenyewe akasema hawana ushahidi wa hilo. Vita vilikuwa vimekwishaingia mwezi wa sita.

Waliokataa walipewa bei yao. Septemba 2001 mbunge mmoja tu, Barbara Lee wa California, alipiga kura ya hapana dhidi ya ruhusa pana ya kutumia jeshi. 420 wakasema ndiyo, yeye akabaki kulindwa na walinzi kwa vitisho vya kuuawa. Oktoba 2002, wiki chache kabla ya uchaguzi, azimio la Iraki likapita kwa kura 296 dhidi ya 133 kwenye Baraza la Wawakilishi na 77 dhidi ya 23 kwenye Seneti. Na kulikuwa na seneta wa Georgia, Max Cleland, aliyepoteza miguu yote miwili na mkono mmoja Vietnam. Azimio la Iraki aliliunga mkono! Ila alitofautiana na Ikulu kuhusu sheria ya wizara mpya ya usalama, basi mpinzani wake akatoa tangazo la televisheni lenye picha za bin Laden na Saddam, kisha uso wa Cleland. Akashindwa Novemba hiyo. Mtu mwenye kiungo kimoja kati ya vinne aliambiwa hana uchungu na nchi. Maseneta wengine walitazama wakaelewa.

Afrika nayo ilitiwa kwenye sufuria, mara mbili. Mara ya kwanza ni zile barua zilizodai kwamba Niger inaiuzia Iraki urani. Kwenye hotuba yake ya Januari 28, 2003, Bush alisema serikali ya Uingereza imebaini kwamba Saddam alitafuta urani nyingi kutoka Afrika. Afrika, jina la bara zima, kama mtu anayesema amenunua samaki "baharini". Machi 7 Mohamed ElBaradei wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki akaliambia Baraza la Usalama kwamba nyaraka za mauzo hayo si za kweli. Barua moja ilikuwa na saini ya waziri aliyekuwa ameacha wizara hiyo zaidi ya miaka kumi kabla. Karani wa wilaya yoyote hapa kwetu angelinasa kosa hilo kabla ya chai ya saa nne.

Mara ya pili ilikuwa Machi, pale Angola, Kamerun na Gine zilipojikuta zina viti kwenye Baraza la Usalama na kura zao zikawa lulu. Waziri kutoka London akazizungukia, na waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa naye akazizungukia, mwezi mmoja ule. Kura yenyewe ya kuidhinisha vita haikupigwa, maana walioitaka waliona hawatashinda. Alfajiri ya Machi 20, saa za Baghdad, mabomu yakaanza. Kibarazani siku hiyo nilikunywa kahawa ya bure. Nilikuwa nimeweka dau kwamba vita vitakuja. Hilo nalo nalikumbuka.

Nikiandika hivi mtu ataniambia Iraki ni habari ya wakubwa, wenye satelaiti na makampuni ya uenezi. Ni kweli makampuni yalikuwepo, hata kabla. Oktoba 1990 binti wa miaka 15 aliyetajwa kwa jina moja tu, Nayirah, aliwaambia wabunge wa Marekani huku akilia kwamba aliwaona askari wa Iraki hospitalini Kuwait wakiwatoa watoto njiti kwenye mashine na kuwaacha wafe sakafuni. Bush mkubwa alikirudia kisa hicho mara kwa mara, maseneta wakakitaja, na Januari 1991 Seneti ikaidhinisha vita kwa kura 52 dhidi ya 47. Mwaka mmoja baadaye ikabainika kwamba binti yule ni mtoto wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na ushahidi wake uliandaliwa na kampuni ya uenezi, Hill and Knowlton, kwa kazi iliyolipiwa na fedha za Kuwait. Kisa chenyewe hakikuthibitishwa. Wakati Kuwait ilikuwa imevamiwa kweli! Mto ulikuwa umevukwa, na bado waliona hautoshi. Walihitaji kitanda cha mtoto.

Lakini huhitaji Hill and Knowlton. Unahitaji bunduki chache na usiku mmoja. Tarehe 1 Oktoba 1990, siku tisa kabla Nayirah hajatoa ushahidi, wapiganaji wa RPF, kundi la waasi wa Kinyarwanda, waliingia Rwanda kutoka Uganda. Hiyo ilikuwa kweli, ila ilikuwa mpakani, kaskazini mashariki, na mtu wa Kigali angeweza kulala. Usiku wa kuamkia Oktoba 5 Kigali ikarindima risasi kwa saa kadhaa. Asubuhi serikali ya Rais Habyarimana ikatangaza kwamba adui alikuwa ameingia jijini na amerudishwa. Hakuna adui aliyeingia; wanajeshi wa serikali ndio waliokuwa wakifyatua. Maelfu ya watu wakakamatwa, wengi wao Watutsi, wakaitwa ibyitso, yaani washirika wa adui. Wengine walikaa ndani miezi bila mashtaka. Na marafiki wa nje wa serikali ile wakapata sababu ya kuleta askari.

Machi 1992 ikawa zamu ya redio. Redio Rwanda ilisoma, mara kadhaa kwa siku, tangazo lililodaiwa kutoka kwa kundi la haki za binadamu la Nairobi, likionya kwamba kuna njama ya kuwaua viongozi wa Wahutu. Tangazo lilikuwa la uongo. Huko Bugesera watu wakachukua mapanga "kujihami", na mamia ya Watutsi wakauawa. Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyekuwa akiishi Nyamata, alizipigia simu redio za nje kueleza anachokiona. Akapigwa risasi akafa. Miaka miwili baadaye kila mtu alijua matangazo kama hayo yanaweza kufika wapi.

Nilipoisoma habari ya usiku ule wa Kigali ndipo swali la mjomba liliponirudia. Adui wa mpakani hatoshi. Lazima asikike dirishani.

Sasa Kagera. Ningependa kusema kwamba sisi tulikuwa tofauti, na kwa kiasi kikubwa tulikuwa. Mwisho wa Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia, likachoma na kupora, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi yote ile ya kaskazini ya mto Kagera sasa ni Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Wakati huo huo redio yake ilikuwa inawaambia Waganda kwamba ni Tanzania iliyowavamia. Novemba 2 Mwalimu akasema maneno ambayo kila mtoto wa nchi hii anayajua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Sikiliza mpangilio huo. Hakuna uyoga, hakuna kijiko. Hakusema Amin anakuja Dar es Salaam. Alisema yuko wapi na amefanya nini, na mtu mwenye shaka angeweza kupanda basi akaenda Bukoba akaulize wakimbizi.

Hata hivyo na sisi tulikuwa na neno letu: nduli. Magazeti, redio, kwaya, watoto wa shule kwenye mchakamchaka, Amin hakuwa Amin tena, alikuwa nduli. Nimelitafuta tena neno hili katika umri huu na nimeona lilivyofanya kazi. Lilianza kwa mtu mmoja mwenye mikono ya damu kweli, likateremka taratibu mpaka likamfunika kila aliyevaa sare yake.

Julai 2016 ripoti ya Chilcot ilitoka London. Ilisema vita vya Iraki havikuwa njia ya mwisho, kwamba hukumu kuhusu silaha zilitolewa kwa uhakika ambao haukustahili, na kwamba Wairaki wasiopungua 150,000, huenda wengi zaidi, walikuwa wamekufa kufikia Julai 2009. Ilikuwa na barua ya Blair kwa Bush ya Julai 2002, miezi miwili kabla ya zile dakika 45, yenye ahadi kwamba atakuwa naye kwa vyovyote. Nikaenda Magomeni. Kibaraza hakikuwepo tena, pamejengwa duka la simu. Mjomba alikuwa ndani, mguu umemzidi, redio kifuani.

Nikamwamkia, nikakaa kitandani, nikamwambia nimekuja kukiri. Nikamsomea kwenye simu, nikitafsiri. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea ataniuliza mto, nilikuwa nimejiandaa.

"Sisi," akasema, "tulipopita Mutukula tulikuta mtu amekaa chini ya mgomba. Askari wao. Ameumia hapa." Akajigusa nyonga. "Kwenye lori njia nzima tulikuwa tunaimba nduli, nduli. Mimi nilidhani nitamkuta mtu ana meno."

Nikanyamaza.

"Akaniambia, 'Afande, naomba maji.' Kwa Kiswahili. Mpwa wangu, mimi Kiswahili nilijua ni chetu."

"Ukampa?"

"Nikampa. Sajini akanifokea, unamnywesha nduli? Sikumjibu. Nilikuwa natazama koo lake linavyopanda na kushuka."